Samaki waliokufa na punje ya mahindi: kwa nini vitabu vya kuchekesha juu ya ugonjwa wa akili vinatuliza



Kuna aina moja ya vitabu ambayo wengi wetu hatukuonyeshwa shuleni wala chuoni. Ni vitabu ambamo mtu mwenye ugonjwa wa akili anaandika maisha yake mwenyewe, tena anaandika kwa kuchekesha. Si riwaya, si kitabu cha daktari, na si ushuhuda wa kanisani ambao mwisho wake tunaujua toka mwanzo. Mtu anasema tu: kichwa changu kiko hivi, kinanifanyia hivi, na siku fulani kilinifanya nijifiche chooni wakati wageni wananitafuta sebuleni. Wewe msomaji unacheka, halafu unashangaa kifua kimekuwa chepesi.

Mimi nimesoma agronomi, sikusoma udaktari. Kwa hiyo sitawapa dawa hapa. Nataka kueleza mambo matatu: vitabu hivyo ni vipi, kicheko chao kinafanyaje kazi, na mpaka wake uko wapi. Juu mpaka uko, na ni muhimu kuujua.

1. Neno moja halitoshi

Shirika la Afya Duniani, lile tunaita OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 280 duniani walikuwa wanaishi na depresio (wenzetu wa Tanzania wanaiita sonona). Ukihesabu shida zote za afya ya akili pamoja, kwa mwaka 2019 OMS ilisema ni mtu 1 kati ya 8. Chukua oditwari ya watu 80: kwa wastani huo wa dunia, 10 wako ndani yake. Na sisi tunajua oditwari zetu hazina maisha mepesi kuliko wastani wa dunia.

Lakini angalia maneno tuliyo nayo. Kwetu kuna neno wazimu, na mwenye wazimu ni yule anayeokota makaratasi barabarani na kuongea peke yake. Kama hauko hivyo, basi uko mzima. Katikati hatuna neno. Mtu anayeshindwa kuamka kitandani wiki tatu, tunasema "ana mawazo mingi". Asipojibu salamu, "anajivuna". Akikonda, "wamemloga". Akilia, "mwanaume halii". Kila mtu anapata maelezo yake, ila mgonjwa mwenyewe anabaki bila neno la kujielezea.

Sisi watu wa kilimo tunaujua mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria uliomaliza mashamba mengi ya Kivu. Moja ya dalili zake ni ndizi kuiva kabla ya wakati. Ukiangalia kwa nje, unasema mkungu umefika. Ukikata tunda, ndani kumegeuka kahawia. Binadamu pia anaweza kuonekana hivyo: ana lisansi, suruali imepigwa pasi, anaitika "niko bien" kila asubuhi. Vitabu ninavyotaka kuwaonyesha vinakata tunda mbele yetu. Tena mwenye kukata ni mgonjwa mwenyewe.

2. Allie Brosh na samaki waliokufa

Nianze na yule ninayempenda zaidi. Allie Brosh ni Mmarekani. Anachora picha mbaya kwa makusudi: yeye mwenyewe anajichora na gauni la rangi ya waridi, macho makubwa kama ya chura, na nywele zinazosimama kama pembetatu ya njano kichwani. Ukiona unasema ni mtoto wa shule ya msingi amechora. Mwaka 2011 aliweka kwenye intaneti hadithi ya depresio yake, halafu akanyamaza muda mrefu. Mwaka 2013 alirudi na sehemu ya pili, na mwaka uleule kitabu chake *Hyperbole and a Half* kikatoka.

Anaeleza jambo ambalo wengi hawalijui: depresio si lazima iwe huzuni. Inaweza kuwa kutosikia kitu chochote. Furaha haiko, huzuni haiko, hata kuchoka kwenyewe kunakuwa mbali. Sasa mtu wa namna hiyo, watu wanaomzunguka wanamwambia nini? Angalia jua linavyowaka! Fanya mazoezi! Cheka kidogo!

Brosh anafananisha hivi: ni kama una samaki wako, samaki wamekufa, na unawaambia watu kwamba samaki wamekufa. Wao wanakujibu kwamba watakusaidia kuwatafuta. Unawaambia hapana, hawakupotea, wako hapa, ila wamekufa. Wao wanakujibu usikate tamaa, tutawapata, labda wako tu na njaa. Unabaki na samaki mkononi, na watu wema pembeni wanaotafuta chini ya kiti.

Nikisoma pale nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikafikiri: ni mara ngapi tumesikia mtu anaambiwa "kamata nguvu", "omba Mungu tu", "wewe uko na lisansi, wenzako hawana"? Hayo yote ni kutafuta samaki ambao hawakupotea. Na wanaosema hivyo si watu wabaya. Ndiyo maana mfano wake una nguvu: hautukani mtu. Unaonyesha kwamba watu wawili wanaopendana wanaweza kuongea kila siku juu ya vitu viwili tofauti bila kujua.

Mwisho wa hadithi yake pia si wa kawaida. Yuko chini kwenye sakafu ya jikoni, analia bila kujua sababu. Anaona chini ya friji punje moja ya mahindi iliyokauka. Anaanza kucheka. Anacheka bila kuweza kujizuia, na hata yeye mwenyewe hawezi kueleza kwa nini punje ile inachekesha. Baada ya muda mrefu bila kusikia kitu, ile ndiyo ikawa mwanzo wa kusikia tena. Si muujiza, si mahubiri, ni punje ya mahindi. Kitabu kingeweza kuweka kitu kikubwa pale, ila angekuwa anatudanganya.

3. Mwenzetu mmoja

Nawaeleza sasa kwa nini naona hii si mambo ya Wazungu tu.

Kuna mwenzetu mmoja wa promosheni, sitamtaja wala kusema ni wa wapi. Alipotea chuoni alipobakiza kutetea memwari peke yake. Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye kazi ya muda, tunapima mashamba ya mihogo, nikamkuta kwao. Familia ilikuwa imemzungusha kwenye vyumba vya maombi na kwa waganga, na pesa ya mbuzi imeisha. Hakuna aliyemchukia. Wote walimpenda, wote walikuwa wanatafuta samaki.

Jioni tuliketi nje, akaanza kunieleza maisha ya chumba chake cha kupanga wakati ule. Akasema: "Yaya, jiko lilikuwa hatua sita toka kitanda. Hatua sita. Lakini kwangu ilikuwa kutoka Bukavu kwenda Kindu kwa miguu, na mvua inanyesha." Akacheka. Mimi pia nikacheka. Ndipo nikamtolea ile hadithi ya samaki kwa Kiswahili chetu, vile nilivyoikumbuka. Alinyamaza kwanza. Halafu akacheka kwa muda mrefu, akafuta macho, akaniuliza: "Huyo mama wa Amerika, nani alimwambia mambo yangu?"

Swali lile linaeleza kazi ya vitabu hivi kuliko maneno yangu yote. Alikuwa ameishi miaka akiamini kwamba yeye peke yake ndiye anayesikia vile, na kwamba kwa hiyo ni laana yake ya pekee. Kujua kwamba kuna mtu mwingine, ng'ambo ya bahari, aliyekutana na jambo lilelile na hata akalichora na macho ya chura, kulimwondolea kitu kimoja: upweke. Ugonjwa ulibaki. Lakini wiki iliyofuata alikubali kwenda kuonwa na watu wa afya ya akili, jambo ambalo familia ilimwomba mara nyingi akakataa. Leo anafuatiliwa. Ana siku mbaya bado. Ananitumia ujumbe: "Leo jiko liko Kindu." Mimi najua maana yake, na ninampigia simu.

4. Jenny Lawson: mnyama anayecheka, utepe, na vijiko

Mwandishi wa pili ni Jenny Lawson wa Texas, Marekani. Baba yake kazi yake ilikuwa kukausha wanyama waliokufa na kuwajaza ili waonekane wazima. Kwa hiyo alikulia kwenye nyumba ambayo ukifungua mlango unaweza kukutana na kichwa cha mnyama kinakuangalia. Alieleza utoto huo kwenye kitabu chake cha kwanza, *Let's Pretend This Never Happened*, mwaka 2012. Cha pili, *Furiously Happy*, kilitoka mwaka 2015, na kwenye ganda lake kuna mnyama mdogo wa Amerika, wale wenye kiraka cheusi kwenye macho. Amekaushwa, amefungua mikono yote miwili na anacheka meno yote nje kama mtu aliyeshinda tombola.

Lawson ana depresio, ana wasiwasi uliopita kipimo, na ana ugonjwa wa kujing'oa nywele bila kuweza kujizuia. Wazo la kitabu ni hili: kwa sababu ugonjwa unarudi mara kwa mara na kumpeleka chini kabisa, yeye anapopata siku nzuri anazitumia kwa nguvu zote, hata kwa upumbavu, ili awe na akiba ya kumbukumbu nzuri siku ugonjwa ukirudi. Kwetu tungesema anajaza ghala wakati wa mavuno, juu anajua kiangazi hakikosi. Pia anapenda kuwakumbusha wasomaji kwamba depresio ni mwongo: inakuambia hufai na hakuna anayekuhitaji, na inatumia sauti yako mwenyewe ili uiamini.

Mambo mawili ya kitabu hicho ningependa mkumbuke.

La kwanza ni utepe. Lawson anauliza: mtu akipona kansa, tunampigia makofi, tunamwita shujaa. Mtu akitoka depresio akiwa hai, nani anampigia makofi? Anarudi kimya kimya, anaona haya. Ndiyo maana akawa na wazo la utepe wa rangi ya fedha kwa waliopigana vita hivyo bila mtu kuona.

La pili ni vijiko. Si wazo lake. Ni la mama mwingine Mmarekani, Christine Miserandino, aliyeliandika mwaka 2003 juu ya ugonjwa wake wa lupus, na Lawson analitumia. Siku moja kwenye mgahawa rafiki yake alimuuliza kuwa mgonjwa kukoje. Akakusanya vijiko vya kwenye meza na kumpa. Akamwambia: hivi ndivyo nguvu zako za leo. Kuamka, kijiko kimoja. Kuoga, kingine. Kuvaa, kingine. Mtu mzima hahesabu vijiko, mgonjwa anahesabu toka asubuhi. Kwetu ingefaa kusema litre za maji: una bidoni moja ya litre 20, bomba litafunguliwa kesho. Ukiamua kufua, hautapika. Mtu akikuambia "leo bidoni imeisha", usimuulize kwa nini ni mvivu.

5. Carrie Fisher na Lou Lubie

Walioangalia filamu za *Star Wars* wanamkumbuka binti mfalme Leia. Aliyeigiza ni Carrie Fisher. Alikuwa na ugonjwa wa bipolari, ule ambao mtu anapanda juu sana, halafu anashuka chini sana. Kitabu chake *Wishful Drinking* kilitoka mwaka 2008, kutokana na mchezo aliokuwa anaufanya peke yake jukwaani. Zile hali zake mbili alizipa majina ya watu. Roy ni yule wa kupanda, anayepoteza pesa na kuongea usiku kucha. Pam ni yule wa kushuka, anayebaki na kulia. Anazungumza wazi pia juu ya matibabu ya umeme kwenye ubongo na jinsi yalivyomlia sehemu ya kumbukumbu.

Kuupa ugonjwa jina la mtu ni jambo dogo, lakini fikiria faida yake. Ukisema "mimi ni mbaya", umemaliza, hakuna la kufanya. Ukisema "leo Pam amefika", umejitenga naye kidogo. Pam ni mgeni. Mgeni anachosha, anakula, hataki kuondoka, lakini nyumba si yake.

Fisher alifariki mwezi wa 12 mwaka 2016, akiwa na miaka 60. Majivu yake yaliwekwa kwenye chombo kikubwa chenye umbo la kidonge cha Prozac, dawa ya depresio. Kilikuwa chombo chake mwenyewe, alikipenda. Hata msiba wake ulikuwa na kicheko chake ndani.

Kwa wale ambao Kiingereza kinawasumbua, kuna kitabu cha picha kwa Kifaransa: *Goupil ou face* cha Lou Lubie, mzaliwa wa kisiwa cha La Réunion, kilichotoka mwaka 2016. Anaeleza ugonjwa wake wa siklotimia, ambao ni ndugu mdogo wa bipolari. Ugonjwa ule ameuchora kama mbweha anayeishi naye. Mbweha hafugiki kama mbwa. Mara anacheza, mara anauma. Kitabu kinamwonyesha mwandishi akijifunza kuishi na mnyama huyo, na kinaeleza mambo ya daktari kwa njia ambayo hata mtoto wa sekondari atafuata.

6. Kicheko kinafanya nini?

Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1927. Mfano wake ni mtu anayepelekwa kunyongwa Jumatatu asubuhi, ambaye anasema kwamba wiki imeanza vizuri. Hajakana kifo chake. Anajua anakwenda wapi. Ila anakataa kifo kiwe na neno la mwisho ndani ya kichwa chake. Kwa muda mfupi anajiangalia kutoka juu, kama mzazi anavyomwangalia mtoto aliyeogopa.

Huo ndio umbali ninaouona kwa waandishi wote wanne. Maumivu yako palepale, lakini mwandishi amerudi nyuma hatua mbili ili ayaone. Na msomaji anarudi nyuma pamoja naye.

Lakini si kila kicheko kiko sawa. Mwaka 2003 mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, Rod Martin, na wenzake walitoa kipimo kinachogawa ucheshi katika aina nne:

– Kuchekesha ili kuunganisha watu, kama pale tunapocheka pamoja umeme ukikatika katikati ya mechi.

– Kucheka peke yako ili usishindwe na shida, ile ya mtu wa Jumatatu.

– Kuchekesha kwa kumpiga mwingine.

– Kujidharau mwenyewe ili wengine wakupende, ile ya kujifanya mpumbavu wa kundi huku unaumia.

Aina mbili za kwanza kwa kawaida zinaendana na afya nzuri ya akili. Ya nne inaendana na wasiwasi na depresio. Kwa hiyo yule rafiki anayewachekesha wote kwa kujitukana kila jioni, msimuache aende kulala bila mtu kumuuliza kama yuko sawa. Anaweza kuwa ndiye mgonjwa wa kundi.

Waandishi niliowataja wanajicheka, ni kweli. Tofauti ni nini basi? Wanacheka ugonjwa na vituko vyake, hawasemi kwamba wao hawana thamani. Brosh hajidharau kwa kulala sakafuni. Anatuonyesha sakafu.

7. Kicheko chetu cha barabarani

Sisi Wakongo tunasifika kwa kucheka kwenye shida. Tulishageuza "article 15" kuwa sheria ya maisha. Vita, bei ya unga, barabara, yote tunayapigia mzaha, na mzaha huo umetuweka hai.

Ila ugonjwa wa akili tunaucheka kwa aina ya tatu. Mgonjwa akipita, watoto wanamtupia mawe na wakubwa wanapiga video kwa ajili ya statu. Hapo anayecheka yuko juu na anayechekwa yuko chini, hana sauti. Kwenye vitabu hivi, mwenye kusema ni mgonjwa mwenyewe, na ndiye anayeamua wapi tucheke. Mtihani ni mwepesi: je, yule tunayemcheka angeweza kucheka pamoja na sisi? Kama jibu ni hapana, zima simu.

Tena video ile inaonwa na yule aliye chumbani, wiki ya tatu, anayejiuliza kama amwambie mtu. Akiona tunavyocheka, anapata jibu: nyamaza. Hiyo ndiyo gharama, na hatuioni kwa sababu anayenyamaza hapigi kelele.

8. Mpaka uko wapi

Kwenye kilimo tunatandaza majani makavu juu ya udongo wakati wa kiangazi. Majani yale hayaleti mvua. Yanalinda unyevu uliopo, udongo usichomwe na jua, mmea uvumilie mpaka mvua irudi. Mtu akikuambia ametandaza majani kwa hiyo hahitaji maji, mcheke na umfundishe.

Vitabu hivi ni majani. Vinapunguza haya, vinatoa maneno, vinaondoa upweke. Haviponyi. Na waandishi wenyewe wanasema hivyo kwa maisha yao: Fisher alikunywa dawa na kutibiwa kwa umeme, na Lawson kwenye kitabu chake cha mwaka 2021, *Broken*, anaeleza matibabu ya sumaku kwenye ubongo na ugomvi wake na bima iliyokataa kulipa. Hakuna hata mmoja anayesema nilicheka nikapona.

Kwa hiyo mtu akikosa usingizi au akilala siku nzima kwa zaidi ya wiki mbili, asipoweza kula wala kufanya kazi, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akianza kusema kwamba watu wangekuwa salama bila yeye, usimpe kitabu. Kaa naye, usimwache peke yake, na mpelekeni kwa watu wa kazi hiyo. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna Kituo Joseph Guislain, Kinshasa kuna CNPP. Kama uko mbali na hizo, anza na kituo cha afya cha karibu, waulize wapi pa kuendelea. Maombi yakiwapo, yaende pamoja na matibabu, yasiyazuie. Na kumuuliza mtu wazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamfungulia mlango.

9. Tufanye nini na vitabu hivi?

Si kila mtu ataweza kuvipata, na mega zinaisha haraka. Lakini hadithi inasafiri bila kitabu, kama ile ya samaki ilivyofika kijijini kwa mdomo. Mmoja wenu asome, awasimulie wengine jioni kwa Kiswahili chenu.

Mkisoma, angalieni jambo moja: mnaposema "hata mimi!" wekeni alama pale. Hiyo ndiyo sentensi ya kumpa mama, rafiki au daktari siku maneno yenu yakikosa.

Na kama wewe ndiye uliye hatua sita toka jiko, jaribu kuipa hali hiyo jina. Si lazima iwe Roy wala Pam. Mwenzetu aliita yake Kindu. Jina likishapatikana, mwambie mtu mmoja tu maana yake, ili siku ukishindwa kueleza, utume neno moja na aelewe.

Na sisi ambao leo tuko na nguvu: akikuambia samaki wake wamekufa, usianze kutafuta. Sema "pole, nimeona". Halafu kaa hapo.